Siku Tisini Si Hadithi Yote: Vitabu vya Kusoma Kuhusu Majirani Zetu wa Vaughan

Ukitoka kampasi ya Keele na kuvuka barabara ya Steeles, umeshaingia Vaughan. Tangu Desemba 2017 treni ya chini ya ardhi inaupita mpaka huo kutwa nzima, na wengi wetu tunaijua Vaughan kwa kituo cha mwisho cha treni na maduka yake makubwa tu. Upande wa mashariki wa mji huohuo, Thornhill, kwenye barabara ya Bathurst, kuna msikiti na kituo cha Jaffari, makao ya jumuiya ya Khoja Shia Ithnaasheri. Familia nyingi za jumuiya hiyo zina asili ya Unguja, Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Mombasa au Kampala. Wako wazee pale ambao ukiwaamkia "shikamoo" huitikia "marahaba" kwanza, kisha ndipo wanapouliza umejifunzia wapi. Kikachi chao na Kigujarati chao kimejaa Kiswahili: sufuria ni sufuria, fagio ni fagio, na muhogo umekuwa "mogo" hadi kwenye menyu za mikahawa.

Ukiuliza klabuni watu hawa walifikaje Kanada, jibu huja haraka: walifukuzwa na Idi Amin. Kwa baadhi yao ni kweli. Kwa wengi wengine si kweli hata kidogo, maana hawakuwahi kuishi Uganda. Waliondoka Tanganyika, Zanzibar na Kenya, kwa nyakati tofauti na kwa sababu tofauti, na hakuna jenerali aliyewapa siku za kuhesabu. Nadhani hadithi ya Amin imezimeza nyingine kwa sababu ina kila kitu ambacho msimulizi anakitaka: mtu mbaya, tarehe ya mwisho, ndege zinazosubiri, na nchi ya ugenini iliyofungua mlango. Waliobaki waliondoka kwa leseni zilizokataliwa, kwa nyumba zilizobadilika mwenyewe, kwa barua ya mtoto aliyetangulia London. Mambo ya makaratasi hayasimuliki vizuri mezani.

Wenzangu wamekuwa wakiomba orodha ya vitabu vya historia, si riwaya, vya mtu anayetaka tu kujua. Hivi hapa ni vile ninavyovipendekeza, vingi vikiwa vya miaka kumi na mitano hivi iliyopita. Nitasema pia kila kimoja kinatufaa wapi na kinatuacha wapi.

Tuanze na Uganda, kwa kuwa ndipo kila mtu anapoanzia. Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia lazima waondoke, na muda ukawekwa: siku 90, mwisho tarehe 8 Novemba. Watu takriban 50,000 walilazimika kutoka. Kanada ilituma Kampala kikosi cha maofisa wa uhamiaji kikiongozwa na Roger St. Vincent, ofisi ikafunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na kabla ya mwezi kwisha ndege ya kwanza ilikuwa imetua Montreal. Hadi siku ya mwisho, ndege 31 za kukodi zilileta watu 4,420. Walipokewa kwenye kambi ya jeshi ya Longue-Pointe, wakapewa chakula na makoti ya baridi, kisha wakasambazwa nchi nzima.

Kitabu cha kusoma juu ya safari hiyo ni Gifts from Amin cha Shezan Muhammedi, kilichochapishwa na University of Manitoba Press mwaka 2022. Mwandishi ni mjukuu wa historia hiyo kwa maana ya kweli, kwa kuwa jamaa zake wamo ndani yake. Amefanya kazi mbili ambazo mara nyingi hufanywa na watu wawili tofauti: amepekua nyaraka za serikali, na amekaa na watu akarekodi masimulizi yao. Anaonyesha kuwa wakimbizi hawa, karibu 8,000 kati ya 1972 na 1974, hawakuwa mizigo iliyopakiwa na kupakuliwa. Walijua kupanga foleni sahihi, kuomba jamaa waunganishwe, kubishana na ofisi. Hizo ndizo kurasa bora za kitabu. Anaonyesha pia kwamba hii ilikuwa mara ya kwanza kwa Kanada kupokea kundi kubwa la wakimbizi wasio wazungu ambao wengi wao ni Waislamu, na kwamba sera za baadaye zilijifunza hapo.

Jina la kitabu ndilo linalonikwaza kidogo. Zawadi kwa nani? Tangu 1967 Kanada ilikuwa ikiwachagua wahamiaji kwa alama: elimu, ujuzi, lugha, umri. Kampala ilikuwa na madaktari, wahasibu na walimu wengi waliosoma kwa Kiingereza. Sisemi kwamba hapakuwa na huruma. Palikuwa nayo, na wasio na uraia wa nchi yoyote waliangaliwa kwa jicho la upole zaidi. Ila msomaji wa Kanada hupenda sana kujiona katika picha hii, na kitabu kizuri kama hiki kinaweza kusomwa vibaya, kana kwamba historia ya watu hawa ilianza pale walipovishwa koti Longue-Pointe.

Ili usiishie hapo, soma A Popular History of Idi Amin's Uganda cha Derek R. Peterson (Yale, 2025). Peterson wa Chuo Kikuu cha Michigan amefanya kazi kwa miaka na Waganda wenzake kuokoa nyaraka za serikali zilizokuwa zikiozea kwenye stoo. Yeye na Richard Vokes walishiriki pia katika kufufua hazina ya picha za shirika la utangazaji la Uganda, negativu zipatazo 70,000, zilizozaa maonyesho kwenye Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Swali lake ni gumu kuliko lile tulilozoea. Hatuulizi tena Amin alikuwa mwovu kiasi gani; tunauliza, alitawalaje miaka minane na serikali isiyo na pesa? Jibu lake ni kwamba watu wa kawaida waliifanya kazi hiyo: makarani, watawala wa wilaya, wapenda nchi wa ngazi ya chini waliosikia amri redioni na kuona sasa ni zamu yao kuijenga Uganda. "Vita vya Uchumi", kama vilivyoitwa, kwao vilikuwa vita vya ukombozi. Kusoma hivyo hakupendezi, na ndiyo sababu nakipendekeza. Mzee wa Kampala anayeishi Thornhill leo hakutolewa dukani na Amin kwa mkono wake. Mtu fulani alileta orodha, mwingine akagonga muhuri, wa tatu akapokea funguo.

Hapa klabu ya Kiswahili ina lake la kusema. Waliopewa maduka yale Waganda waliwapa jina la Kiswahili: mafuta mingi. Mwalimu wa sarufi atasema ni "mafuta mengi", na atakuwa sahihi darasani. Lakini hicho ndicho Kiswahili cha Uganda, cha kambi za jeshi na cha sokoni, na jina lile linaeleza tabaka zima kwa maneno mawili. Amin mwenyewe ndiye aliyekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya kuwafukuza watu ambao wengi wao walikuwa wakikisema kila siku kaunta kwa kaunta.

Kuhusu Uganda pia kuna Slow Poison cha Mahmood Mamdani, nacho cha 2025. Jina la Mamdani sasa linajulikana hata kwa wasiosoma vitabu, kwa sababu ya mwanawe aliyechaguliwa kuwa meya wa New York. Sisi tunaosoma tunamjua kwa From Citizen to Refugee, kijitabu alichokitoa mwaka 1973 baada ya yeye mwenyewe kufukuzwa. Katika kitabu kipya anawaweka Amin na Museveni kwenye mizani moja, huku akisimulia maisha yake. Wako watakaoona anampunguzia Amin mzigo, na mimi ni mmoja wao. Hata hivyo anaandika kama Mganda, si kama mgeni aliyeokolewa, na sauti hiyo ni adimu kwenye rafu hii.

Na hata Uganda yenyewe haikuanza tarehe 4 Agosti. Sheria ya leseni za biashara ilikuwepo tangu 1969, enzi za Obote, na Oktoba 1971 Amin aliwahesabu Waasia peke yao. Kenya ilitangulia: mwaka 1967 ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni zilizowabana wasio raia, na Uingereza ikajibu kwa kupitisha sheria yake kwa haraka ya ajabu, ikakamilika tarehe 1 Machi 1968, ili wenye pasipoti za Kiingereza wenye asili ya Kihindi wasiingie kwa wingi. Kwa Kenya soma Indians in Kenya cha Sana Aiyar (Harvard, 2015). Kimejaa siasa za kabla ya uhuru kuliko za baada yake, kwa hiyo sitakaa nacho.

Sasa Tanzania, ambako ndiko nilikotaka kufika.

Aprili 1971 Bunge lilipitisha sheria ya kutaifisha majumba. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakawa mali ya serikali, chini ya ofisi iliyoitwa Msajili wa Majumba. Jengo lenye umri wa zaidi ya miaka kumi halikulipiwa fidia. Fikiria maana yake kwa familia ya kawaida ya Kikhoja ya Dar es Salaam. Duka liko chini, familia inaishi juu, na vyumba vinavyobaki vinapangishwa. Kodi ya vyumba vile ndiyo ada ya shule, ndiyo akiba ya uzeeni, ndiyo mahari. Nyumba yenyewe pengine ilijengwa kwa mkopo wa jamaa na wa jumuiya. Asubuhi moja wanaendelea kulala kitanda kilekile, ila sasa wao ni wapangaji wa Msajili.

Hakuna aliyewaambia waondoke. Nyerere hakuwafukuza, na Amin alipowafukuza wa kwake, Nyerere alimlaani waziwazi. Sheria ya 1971 haikutaja rangi ya mtu. Lakini miji ya kikoloni ilikuwa imepangwa kwa rangi, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na waliojenga ghorofa za katikati ya mji walikuwa karibu wote Wahindi. Kwa hiyo sheria isiyotaja rangi iliangukia rangi moja. Upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa. Mpangaji Mwafrika alikuwa amelipa kodi kwa mwenye nyumba Mhindi tangu ukoloni, na Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa tayari limewakataza viongozi wenyewe kupangisha nyumba. Kama kiongozi wa TANU haruhusiwi kula kodi, kwa nini mfanyabiashara aruhusiwe? Swali hilo lilikuwa na uzito kwa watu wengi, na halikutoka kwenye chuki tupu.

Kitabu kinachonishawishi kuliko vyote juu ya hili ni Taifa: Making Nation and Race in Urban Tanzania cha James R. Brennan (Ohio, 2012). Kila mwanachama wa klabu hii akisome, hata kama hapendi historia, kwa sababu Brennan anafuatilia maneno ya Kiswahili kana kwamba ni watu. "Taifa" lilipataje maana yake ya sasa? "Unyonyaji" ulitoka wapi, na kwa nini picha zake ni za kupe na mirija? Anayanyofoa maneno hayo kutoka kwenye magazeti na barua za Dar es Salaam, na kuonyesha jinsi lugha ya siasa ya ujamaa ilivyomweka Mhindi mahali pa mnyonyaji bila kumtaja. Tulipojifunza "mnyonyaji" tulipewa maana ya kamusi. Kwa mtoto wa mwenye duka wa mtaa wa Uhuru miaka ya 1960, neno lile lilikuwa na anwani.

Ukitaka kuona Dar es Salaam ya miaka hiyohiyo kutoka juu, ikulu na balozi na ofisi za wapigania uhuru, kuna Revolutionary State-Making in Dar es Salaam cha George Roberts (Cambridge, 2021). Wahindi si mada yake kuu, lakini kinaeleza vizuri kwa nini mwaka 1971 serikali ilikuwa na wasiwasi. Amin alikuwa ameshika madaraka Uganda Januari ya mwaka huo, na kila jirani alionekana adui. Kinapatikana bure mtandaoni kihalali, jambo ambalo kwa mwanafunzi si dogo. Kuhusu Nyerere mwenyewe, Development as Rebellion cha Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata (Mkuki na Nyota, 2020) ni juzuu tatu. Usiogope unene wake. Kila juzuu inaweza kusimama peke yake.

Zanzibar ina njia yake, yenye damu zaidi. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliwalenga Waarabu kwanza, lakini maduka ya Wahindi yaliporwa na wengi wakavuka kwenda Dar es Salaam. Mwaka 1970 zikaja ndoa za lazima, mabinti wa Kiithnaasheri wenye asili ya Iran wakaozwa wakubwa wa serikali ya Karume. Kuna familia ambazo hadi leo hazilizungumzi jambo hilo mbele ya wageni, na sidhani mwanafunzi ana haki ya kuwalazimisha. Hapa napendekeza kitabu cha 2009, kikongwe kuliko vingine, Race, Revolution, and the Struggle for Human Rights in Zanzibar cha G. Thomas Burgess. Ndani yake watu wawili, Ali Sultan Issa na Seif Sharif Hamad, kila mmoja anasimulia maisha yake. Mmoja aliyatumikia mapinduzi kwa moyo, mwingine akaja kuwa kiongozi wa upinzani. Huwezi kuwaamini wote wawili kwa pamoja, na kitabu hakikusaidii kuamua.

Vitabu vyote hivi vimeandikwa kwa Kiingereza. Jambo hili lina gharama kubwa kuliko usumbufu wa kutafsiri. Wazee wa Bathurst walifanya biashara, waligombana, walibembeleza na walitaniwa kwa Kiswahili, lakini wakirekodiwa hurekodiwa kwa Kiingereza, lugha waliyoitumia kwa ofisa wa uhamiaji. Wanasimulia basi kama walivyomsimulia ofisa: tarehe, hasara, shukrani. Kwa Kiswahili nakutana nao zaidi kwenye riwaya. Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi ina Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja anayeikimbia ndoa aliyopangiwa. Amil Shivji, mtoto wa Issa Shivji na aliyesomea filamu hapahapa York, aliigeuza kuwa filamu, ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021. Mhindi anayesema Kiswahili amepata riwaya na filamu kabla ya kupata kitabu cha historia kwa lugha hiyo.

Aliyekaribia zaidi ni M.G. Vassanji. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, akasomea fizikia ya nyuklia Marekani, akahamia Kanada mwaka 1978, na ni mkazi wa Toronto. Wengi wanamjua kwa riwaya zilizompa tuzo ya Giller mara mbili. And Home Was Kariakoo (2014) ni kitabu cha safari na kumbukumbu. Anapanda mabasi ya kawaida, anakwenda Kilwa, Tanga, Tabora, anakaa na watu, anazungumza nao Kiswahili na kuandika walichosema. Anakasirika sana juu ya misaada ya kigeni na juu ya jinsi Afrika Mashariki inavyoandikwa na wageni, na mara nyingine hasira hiyo inarefuka mno. Lakini anaandika kuhusu Tanzania kama nchi yake, si kama kituo cha kupitia kuelekea Toronto. Hakuna koti la Longue-Pointe kwenye kitabu hiki.

Nikiulizwa uanzie wapi, nitasema Vassanji kwa raha, kisha Brennan kwa kalamu mkononi, kisha Muhammedi, ambaye utamsoma tofauti kabisa ukishawapitia hao wawili. Mwenye insha ya muhula na asiye na pesa aanze na Roberts. Kwa vingine, tawi la Bathurst Clark la maktaba za Vaughan liko Thornhill kwenyewe, na wakutubi wa huko kama wa chuoni wanaweza kukuazimia kitabu kutoka maktaba nyingine ukiomba mapema.

Na kwa wale wenzetu wanaotaka kurekodi masimulizi ya wazee muhula ujao, swali la "Amin aliwafanya nini?" liwekeni kando kwanza. Ulizeni nyumba yenu ilikuwa mtaa gani, nani aliishi ghorofa ya chini, na baada ya Aprili 1971 nani alikuja kudai kodi. Ulizeni kwa Kiswahili.